Mto Ufichao Miji

Msomaji kijana, ukitaka kuyaona magofu ya kale ya pwani yetu huna haja ya kusumbuka sana. Nenda Gedi, nenda Takwa, nenda Jumba la Mtwana. Kuta za mawe ya matumbawe zimesimama, na msikiti watambulika kwa kibla chake. Mawe yana sifa hiyo: hubaki mahali pake na kumwambia kila apitaye kwamba hapa walikaa watu. Lakini wako watu wengi zaidi katika Afrika ambao hawakujenga kwa mawe. Walijenga kwa udongo, fito, makuti na nyasi, nao walipenda kukaa karibu na mito, kwa sababu mto ulikuwa kisima chao, shamba lao na njia yao. Nyumba za namna hiyo zikiachwa, mvua huziangusha katika miaka michache. Kisha mto huja na tope lake ukayafunika yaliyosalia. Mtu apitaye baada ya miaka elfu moja huona uwanda mtupu, majani na ndege, naye husema kwa moyo mweupe kuwa hapa hapakuwa na mtu. Wahenga walikwisha sema: asiyekuwapo na lake halipo.

Nataka kukuonyesha jinsi watu hao wanavyoweza kutafutwa. Hawatafutwi kwa jembe kwanza. Hutafutwa kwa macho, kwa miguu, kwa ramani, na kwa elimu ya umbile la nchi, ile ambayo pengine imekujia darasani kama orodha ya maneno magumu ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Tuanze na uwanda wenyewe. Kwa mbali uwanda wa mafuriko huonekana sawa kama meza, wala si sawa hata kidogo. Mto ujaapo na kupita kingo zake, maji hupoteza mwendo mara tu yatokapo mkondoni. Maji yaendayo kasi huweza kubeba mchanga. Yakipunguza mwendo huutua. Kwa hiyo mchanga mzito huanguka karibu na ukingo, na tope laini huchukuliwa mbali likatulia nyuma, mahali palipo bonde na matete. Gharika baada ya gharika, ukingo huinuka ukawa tuta refu liandamanalo na mto pande zote mbili. Tuta hilo halikujengwa na mtu. Urefu wake juu ya kinamasi huenda ukawa mita moja au mbili tu, lakini katika nchi ya gharika mita moja ni tofauti baina ya kulala kitandani na kulala juu ya mti.

Mimi nilizaliwa katika kijiji kando ya Tana, upande wa chini, nami niliyaona hayo kabla sijayasoma. Babu yangu hakupata kushika ramani maishani mwake. Hata hivyo, kijana aliyetaka kujenga alikwenda kwake kwanza, na mzee alimchukua wakatembea. Alitazama miti: miembe mikubwa ilikuwa juu ya tuta, matete yalikuwa chini. Aliokota udongo akausugua baina ya vidole. Ukikwaruza, alitikisa kichwa kwa kuridhika, na ukiteleza kama sabuni aliendelea na safari. Aliikumbuka gharika ya mwaka 1961, akajua maji yalifika wapi. Yalipokuja mafuriko makubwa ya mwaka 1997, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, niliona uwanda mzima umekuwa bahari, na tuta letu limejitokeza kama mgongo wa kiboko, watu, mbuzi na kuku wote juu yake.

Kulikuwa na tuta jingine, mwendo wa saa moja kutoka mtoni, kando ya ziwa jembamba lililopinda kama mundu. Hapakuwa na nyumba hata moja. Sisi watoto tulikwenda huko kuokota vigae vya vyungu tukachezea. Nilipomwuliza babu kwa nini vigae viko mbali hivyo na mto, alinijibu kwamba watu wa zamani walikaa pale mto ulipokuwa pale. Kisha mto uliwaacha. Nilidhani ni hadithi ya jioni. Ilinipasa kufika chuo cha ualimu ndipo nikatambua kwamba mzee alikuwa amenipa somo zima la jiografia kwa maneno machache.

Mkufunzi wetu chuoni alikuwa na desturi ya kutugawia ramani yenye mistari ya mwinuko, majina yote yamefutwa, na kutuuliza: ungejenga wapi? Baada ya sisi kutia alama zetu aliuliza swali la pili, nalo lilikuwa gumu zaidi: nchi hiyo uliyoichagua ina umri gani? Maana mto hauwi mahali pamoja. Katika kila pindi yake mto hula ukingo wa nje na kujenga fungu la mchanga upande wa ndani. Ardhi ya ndani ya pindi, basi, ni changa kuliko ya nje, na pindi ikizidi kujikunja mto huikata shingo yake ukapita moja kwa moja, ukiacha ziwa la umbo la mundu. Kanuni itokayo hapo ni nyepesi kusema: nyumba haiwezi kuwa na umri mkubwa kuliko ardhi iliyosimama juu yake. Ukitafuta maskani ya miaka elfu mbili juu ya fungu la mchanga lililowekwa miaka mia mbili iliyopita, utachimba mpaka uchoke. Na usipoona kitu, huna haki ya kusema kwamba watu hawakuwapo. Yamkini walikuwapo, mto ukawachukua.

Kanuni hiyo ilipata kutumiwa kwa upana sana katika bonde la mto Mississippi, Marekani. Mwaka 1944 mwanajiolojia Harold Fisk, aliyefanya kazi kwa ajili ya wahandisi wa jeshi, alichapisha ramani za mikondo ya zamani ya mto ule, kila mkondo na rangi yake, moja juu ya mwingine, mfano wa nyuzi za rangi zilizovurugwa na paka. Wataalamu wa mambo ya kale Philip Phillips, James Ford na James Griffin, ambao walikuwa wakikusanya vigae katika bonde lile lile, waliona faida yake mara moja: kigae kilichookotwa juu ya ukingo wa mkondo fulani hakiwezi kuutangulia mkondo huo. Taarifa yao ilitoka mwaka 1951. Baadaye ilidhihirika kuwa umri alioukadiria Fisk haukuwa sahihi, na Roger Saucier alifanya kazi ya miaka mingi kuutengeneza upya. Nakutajia hilo kwa makusudi. Ramani nzuri ya rangi humtia mtu imani kupita kiasi, ilhali mto na kigae ni mashahidi wawili, na kila mmoja yafaa ahojiwe mbele ya mwenziwe. Katika nchi hiyo hiyo pana mahali paitwapo Poverty Point, juu ya nchi ya kale iliyoinuka kando ya uwanda, mbali na ufiko wa gharika. Watu walilima na kupita juu ya matuta yake sita yaliyopinda kama nusu duara bila kuyatambua, hata picha zilizopigwa kutoka angani zilipotazamwa katika miaka ya 1950 ndipo umbo zima likajulikana.

Lakini mfano niupendao kuliko yote uko katika bara letu, katika delta ya Nili, nami nitakaa nao kidogo.

Farao Ramesesi wa Pili, aliyetawala tangu mwaka 1279 hadi 1213 kabla ya Kristo, alijijengea mji mkuu upande wa mashariki wa delta, nao uliitwa Pi-Ramesse. Jina la Ramesesi limo hata katika kitabu cha Kutoka. Maandishi ya kale yaliusifu mji huo kwa majumba, mashamba na bandari yake, lakini mahali pake palipotea. Mwaka 1929 Mfaransa Pierre Montet alianza kuchimba mahali paitwapo Tanis. Huko kulikuwa na kila kitu ambacho jicho hutamani: nguzo, sanamu kubwa, na mawe marefu yaliyochongwa jina la Ramesesi tena na tena. Montet aliamini kwamba ameupata mji. Nani angemlaumu? Jina la mwenye nyumba limeandikwa mlangoni.

Kulikuwa na sauti nyingine. Mwaka 1928 Mmisri Mahmud Hamza alikuwa amechimba karibu na kijiji cha Qantir, kiasi cha kilometa 20 kusini ya Tanis, akapata vigae vya kurembea vya jumba la kifalme, naye alishikilia kwamba Pi-Ramesse ni hapo. Mmisri mwingine, Labib Habachi, alifanya kazi katika sehemu hizo katika miaka ya 1940 na kufikia maoni yanayoelekea huko. Tatizo lao lilikuwa moja: Qantir hakukuwa na cha kuonyesha. Kulikuwa na mashamba, mifereji, punda na mahindi. Mashahidi wa mawe walikuwa Tanis, na mashahidi wa udongo walikuwa chini ya miguu ya wakulima. Sina budi kukiri kwamba kila nikifika hapa katika habari hii huona fahari kwa ajili ya Wamisri wale wawili, walioshika neno lao mbele ya shehena ya mawe.

Aliyelimaliza shauri lile, kwa sehemu kubwa, alikuwa mto. Leo Nili huingia baharini kwa matawi mawili, la Rashid na la Dumyat, lakini waandishi wa kale walihesabu matawi saba. La mashariki kabisa waliliita la Pelusio, nalo limekufa. Mwaka 1966 Manfred Bietak, Mwaustria, alianza kazi Tell el-Dab'a, jirani na Qantir upande wa kusini. Pamoja na kuchimba kwa kawaida, yeye na wenzake walijitahidi kuijua nchi yenyewe ilivyokuwa. Walichunguza ramani za mwinuko, wakaona katika uwanda ule alama hafifu za kingo za mto usiokuwapo. Halafu walitoboa mamia ya matundu kwa keekee ya udongo, chombo cha chuma kizungushwacho kwa mikono, kikashuka na kupanda na udongo wa kila kina. Wahenga wametuonya tusiandikie mate na wino ungalipo. Wino wao ulikuwa ndani ya keekee ile. Palipotoka mchanga wa mtoni walijua kuwa mkondo ulipita. Palipotoka tope laini jeusi palikuwa na maji yaliyotulia, kinamasi au ziwa. Palipotoka mchanga wa manjano ulio mgumu palikuwa na vilima vya zamani sana, vilivyowekwa kabla ya tope la Nili ya sasa. Waarabu wa Misri huviita vilima hivyo gezira, yaani visiwa, neno lile lile tulilonalo sisi kama jazira. Jina hilo ni la haki, kwa kuwa gharika ilipokuja kila mwaka vilima hivyo vilibaki juu ya maji, na juu ya migongo yake watu walijenga nyumba na kuzika wafu wao.

Tundu kwa tundu, sura ya nchi ya kale ilitokea: tawi la Pelusio likipita kando ya Qantir na Tell el-Dab'a, visiwa vya mchanga, na mahali pa kutia merikebu. Tell el-Dab'a ilithibitika kuwa Avaris, mji mkuu wa Wahiksosi waliotawala kabla ya Ramesesi. Na Pi-Ramesse ilikuwa hapo Qantir kama Hamza alivyosema. Mawe ya Tanis je? Yalikuwa yamehamishwa. Tawi la Pelusio lilijaa tope, na katika karne ya 11 kabla ya Kristo wafalme waliofuata waliuacha mji uliokosa maji wakahamia Tanis, iliyokuwa juu ya tawi jingine lililo hai. Walichukua sanamu na nguzo za babu zao, wakazisimamisha upya huko, nyingine wakazitia katika misingi. Kilichosalia Qantir ni kile kisichobebeka: matofali ya udongo. Tangu mwaka 1980 Edgar Pusch na wenzake waligundua huko mazizi ya mamia ya farasi na karakana za kuyeyushia shaba, na tangu mwaka 1996 vyombo vya kupima nguvu ya sumaku vilichora mitaa na majumba yaliyo chini ya mashamba bila jembe kugusa ardhi.

Fikiri, msomaji, jinsi jambo hili linavyopindua mazoea yetu. Penye mawe hapakuwa penyewe, na pasipo mawe ndipo palipokuwa mji. Aliyetafuta vitu aliongozwa na vitu mpaka mahali vilipochukuliwa. Aliyetafuta nchi ambayo mji ungeweza kukaa, yaani ukingo mkavu kando ya maji yaliyo hai wakati ule, aliukuta mji.

Sasa urudi nami Tana. Mto huu nao hautulii. Katika karne ya 19 mfereji uliochimbwa kuuunganisha na mto Ozi ulikuja kupokea maji ya Tana, na mdomo wake ukawa Kipini, upande wa kaskazini wa ule wa zamani. Magofu ya Ungwana, ambayo James Kirkman alichapisha kitabu juu yake mwaka 1966, yanajulikana kwa sababu ni ya mawe. Lakini mwaka 1979 David Phillipson alichapisha habari za maskani ya zama za chuma katika bonde la Tana ya chini, na mwaka 1989 Mkenya George Abungu alitimiza utafiti wake, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, juu ya jamii za mto Tana na uhusiano wa delta na bonde lake tangu mwaka 700 hivi. Tena jina la mto wetu limepewa aina ya vyungu vya karne ya 7 hadi ya 10, ambavyo vigae vyake hupatikana kutoka visiwa vya Lamu hadi Kilwa na Komoro. Basi atakayekuambia kwamba historia ya pwani ni ya miji ya mawe tu, na kwamba watu wa mtoni walikuwa watazamaji, mwulize amepima matuta mangapi.

Kazi hii ina adui wake, nao wana haraka. Tingatinga lisawazishalo shamba la umwagiliaji huondoa kwa siku moja tuta ambalo mto ulilijenga kwa karne nyingi, na wachukuao mchanga wa kujengea hupenda matuta hayo hayo kwa kuwa ndiyo yenye mchanga. Siwatukani; watu wahitaji chakula na nyumba. Lakini ni heri mtu ajue anachokifuta.

Mimi na wanafunzi wangu hatuchimbi. Sheria ya mwaka 2006 ya Makumbusho ya Taifa na Urithi yamkataza mtu kuchimba mambo ya kale bila idhini, nayo ni sheria ya busara, maana shimo lichimbwalo na asiyejua haliwezi kuchimbwa tena na ajuaye. Sisi hutembea. Kabla ya kutoka tunatazama picha za angani, ambazo siku hizi mwanafunzi aweza kuzipata hata katika simu, tukatafuta maziwa ya umbo la mundu na mistari ya miembe iliyo mbali na mto. Kisha tunakwenda na kamba ya kupimia, daftari na penseli. Mahali petu pa kusomea ni pale mto wenyewe ulipokata ukingo, kwa kuwa hapo amekwisha chimba yeye, na hakuna wa kumdai kibali.

Mwaka mmoja, maji yalipopungua, tulifika penye ukingo wa namna hiyo, umesimama wima kama ukuta. Juu kulikuwa na tope la kahawia, tabaka juu ya tabaka, kurasa za gharika. Chini yake, kiasi cha mita mbili kutoka majani ya juu, palikuwa na mstari mweusi upana wa kiganja, na chini ya mstari huo mchanga mtupu. Msichana mmoja wa kidato cha pili ndiye aliyesoma kwanza: mchanga ni tuta la kale, mweusi ni makaa ya meko, na tope la juu ni mto uliokuja baada ya watu kuondoka. Katika mstari ule mlikuwa na mifupa ya samaki na vigae vichache. Tuliacha kila kitu mahali pake. Tulipima kina, tukachora, tukapiga picha, na wanafunzi waliandika barua kwa watu wa makumbusho wakieleza mahali na walichokiona.

Mvua za masika zilizofuata ziliuangusha ukingo ule, mstari mweusi na vigae vyake vikaenda na maji. Hata hivyo tuta lenyewe halikwisha. Tulilifuata kuelekea bara, juu ya mashamba, kwa kutazama mahindi: juu ya mchanga hunyauka mapema jua linapokaza, na pande zake mbili hubaki mabichi. Tuliufuata mstari huo wa manjano mwendo wa mita 300 mpaka penye mwembe mkubwa ambao mwenye shamba alisema aliukuta. Kuanzia hapo tuta lashuka chini ya tope, na keekee haijapata kuingia.